Jiko la mkaa si dawa ya utumbo

SWALI: Shikamoo daktari. Nina vidonda vya utumbo mpana, natumia mesalazini. Nasikia kaboni monoksaidi, gesi itokayo kwenye mkaa unaowaka, hutuliza uvimbe. Nikae karibu na jiko la mkaa? – Msomaji, Moshi

JIBU: Marahaba. Usithubutu! Ni kweli mwili wenyewe huitengeneza kidogo unapovunja chembe nyekundu za damu zilizochakaa, na kwa panya dozi ndogo, iliyopimwa, imepunguza uvimbe wa utumbo. Jiko halina kipimo. Gesi hii hung'ang'ania himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni: ukifunga madirisha kwa ajili ya baridi ya Julai, kichwa kinagonga, kichefuchefu, kisha unazimia. Watafiti wanatafuta molekuli zitakazoiachia utumboni kwenyewe. Mesalazini usiiache hata damu ikikatika chooni. Wengi huiacha hapo hapo, ugonjwa ukaibuka upya.