Moyo Hugonga Nini?

SWALI: Daktari, nikilaza sikio kifuani kwa mwanangu nasikia "lab-dab, lab-dab". Ni nyama ya moyo inayojigonga? – Mama Mdadisi

JIBU: Hapana, mama. Ni vali, yaani vijilango vya moyo vinavyopitisha damu upande mmoja tu, zinazofunga. Vyumba viwili vya chini vikijikaza, vali zinazovitenga na vyumba vya juu hufunga: "lab", nzito. Damu ikishatoka, hufunga zile za mishipa mikubwa, uendao mapafuni na uendao mwilini: "dab", fupi na kali. Si vijilango vinavyopigana, bali damu husimamishwa ghafla ikatikisa kuta. Mtoto akivuta pumzi ndefu, "dab" yaweza kugawanyika ikasikika milio miwili, maana vali ya mapafu huchelewa kidogo. Mimi ilinichukua miezi kuunasa mgawanyiko huo, tena kwa stethoskopu, kile kifaa cha kusikilizia kifua! Vali isiyo na kasoro ikifunguka, haisikiki.