Shule ya majengo manne: nyaya zizunguke au zote zitoke kati?

Swali: Habari za kazi, mhandisi. Mimi ni mwalimu wa kompyuta katika sekondari moja huku Kibosho, juu ya Moshi. Tuna majengo manne: utawala, maktaba, maabara yenye kompyuta 24, na nyumba ya matroni iliyo ng'ambo ya korongo. Kutoka utawala hadi maktaba ni kama mita 60, na hadi maabara ni mita 140. Fundi wa kwanza anataka kila jengo lipate waya wake kutoka utawala. Wa pili anataka waya uzunguke, utawala, maktaba, maabara, kisha urudi utawala, ili ukikatika mahali mawasiliano yapite upande wa pili. Anasema mpangilio wa nyota, yaani huo wa kila waya kutoka kati, umepitwa na wakati. Swichi alizoandika, yaani visanduku vya kuunganishia nyaya za kompyuta, ni zile ndogo za kuchomeka tu. Nani yuko sahihi? Na matroni tumfikishieje intaneti?

Jibu: Habari ni njema, Mwalimu. Fundi wa pili ana wazo zuri, lakini vifaa alivyoandika havilibebi. Swichi hizo ukizifunga kwa mviringo, mtandao utakufa siku hiyo hiyo ya kuuwasha, kabla waya wowote haujakatika.

Sababu ni hii. Kompyuta ikitafuta kifaa isichokijua, hutuma wito kwa wote. Swichi ikiupokea wito huo huutoa kwenye milango yake yote, isipokuwa ule ulioingilia. Kwenye mviringo wako, wito utatoka utawala, utapita maktaba, utapita maabara na kurudi utawala. Swichi ya pale haina kumbukumbu kwamba ilikwisha kuutoa, kwa hiyo itautoa tena. Pakiti za intaneti, yaani vipande vya data, hubeba hesabu inayopungua kila zinapovuka ruta, kifaa cha kuunganisha mtandao mmoja na mwingine, na ikifika sifuri hutupwa. Fremu za Ethernet, mfumo wa kawaida wa mitandao ya nyaya, ni vifurushi vya data vinavyopita ndani ya swichi, na hazina hesabu hiyo. Zitazunguka bila kuchoka, nyingine zikiongezeka juu yake, na ndani ya sekunde chache hakuna nafasi iliyobaki kwa kazi ya mtu yeyote.

Niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja Arusha, mtandao umelala tangu asubuhi. Tulilaumu ruta, tukampigia mtoa huduma, tukabadilisha vifaa vizima bila sababu. Ilikuwa alasiri tulipoanza kuchomoa waya mmoja mmoja. Kumbe mtu alipanga meza, akakuta ncha ya waya inaning'inia, akaichomeka ukutani kwa nia njema, na ncha ya pili ilikuwa tayari ukutani. Tangu hapo, nikifika mahali nikakuta taa zote za swichi zinapepesa kwa kasi na kwa pamoja, sigusi ruta kwanza. Natafuta mviringo. Waonyeshe wanafunzi wako dalili hiyo, itawafaa maisha yao yote.

Dawa yake ipo, na ni ya siku nyingi. Mwaka 1985 Radia Perlman, akiwa kampuni ya Digital Equipment huko Marekani, alibuni utaratibu wa vifaa hivi kuzungumza vyenyewe kwa vyenyewe. Vinachagua kimoja kuwa shina, kisha vinafunga mlango mmoja kwenye mviringo ili kila sehemu ibaki na njia moja tu. Njia hiyo ikikatika, mlango uliofungwa unafunguliwa. Utaratibu wa awali ulichukua hata sekunde 50 kujirekebisha. Ule wa haraka uliotoka mwaka 2001 mara nyingi humaliza ndani ya sekunde chache. Lakini unahitaji swichi zenye mipangilio ya ndani, zile unazoingia kwa nenosiri, na mtu wa kuzipangilia. Muulize fundi wako kama yuko tayari kubadilisha orodha. Muulize pia waya wa kurudi utapita wapi. Kama nyaya zote mbili zinalala kwenye bomba moja kando ya njia, jembe moja litazikata zote. Utakumbuka Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilipokatika kwa pamoja huko kusini, intaneti ya nchi nzima ikayumba. Tulikuwa na njia mbili, lakini zilipita karibu karibu.

Kuhusu nyota kupitwa na wakati, ni kinyume chake. Ethernet ilipobuniwa mwaka 1973 kwenye maabara ya Xerox, California, mashine zote zilining'inia kwenye waya mmoja mnene uliopita chumba hadi chumba. Baadaye ukaja mwembamba, mwisho mita 185 na vifaa 30 kwa kipande, na kila ncha ikiwa na kizibo chake. Kizibo kikilegea au waya ukikatika katikati, mawimbi yanarudi nyuma na kugongana na mengine, na kipande kizima kinanyamaza. Fundi anatembea na tochi chini ya meza zote. IBM nao walileta mtandao wa pete mwaka 1985, mashine zikipokezana kibali cha kuongea. Hata wao, nyaya zenyewe walizipeleka kwenye kifaa cha kati, kwa kuwa ndiyo njia rahisi ya kujua nani kaharibika. Nyota ilishinda kwa sababu hiyo: waya mmoja ukifa, kompyuta moja inanyamaza, na unajua ni ipi.

Kwa hiyo, ndani ya maabara weka nyota: waya 24, kila mmoja hadi kwenye swichi. Mpangilio wa wavu, ambapo kila mashine inashikana na kila mwenzake, ungekudai nyaya 276 kwa kompyuta hizo hizo. Huo waachie wanaounganisha miji.

Kati ya majengo, mfuate fundi wa kwanza, ila usimruhusu atumie waya wa shaba. Kwanza ni umbali. Waya wa shaba wa mtandao una kikomo cha mita 100, na maabara yako iko mita 140. Utawaka taa, halafu utakusumbua kila siku. Pili, na hili ndilo linalonitia hofu zaidi huko mlimani, ni radi. Waya wa shaba kati ya majengo mawili ni njia ya umeme kutoka jengo moja hadi jingine, na radi ikipiga karibu unaweza kupoteza swichi na kompyuta za pande zote mbili. Faiba ni kioo, haipitishi umeme. Itumie hata kwa maktaba, ingawa mita 60 zinaruhusu shaba. Hakikisha tu haina waya wa chuma ndani ya kukazia, na kama inao, chuma hicho kisiingie kwenye vifaa na kifungwe kwenye ardhi. Nunua yenye nyuzi 6 hata kama utatumia 2, kwa kuwa gharama kubwa iko kwenye kuchimba.

Ukimaliza utakuwa na kitu kama mfongo, ule mfereji wa maji unaoshuka kutoka mlimani: mkuu unagawanyika kwa matawi, na matawi kwa mashamba. Ubaya wake unaujua. Mtu akiziba juu, wote wa chini wanakosa maji. Utawala ndio juu pako. Swichi ya pale iwe ndani ya kabati linalofungwa, iwe na betri ya kuishikilia umeme ukikatika, na nyingine ya akiba iwe stoo. Kwa shule, swichi ya akiba yenye vumbi ina faida kuliko mviringo ambao hakuna anayeuelewa fundi akishaondoka.

Nyumba ya matroni usiichimbie korongo. Antena mbili zinazotazamana, moja juu ya paa la utawala na nyingine kwake, zinatosha kabisa kwa umbali huo. Panda darini mchana, utafute dirisha lake. Ukiliona wazi bila jani katikati, endelea. Kama migomba inaziba, inua mlingoti, kwa kuwa majani yenye maji humeza mawimbi hayo. Na kama kuna mgrevilea mchanga kwenye mstari huo, zungumza na mwenye shamba sasa, kabla hamjanunua chochote.