Fundi Anajibu: Kabla ya kununua kadi ya gemu, fungua boksi usome pawa saplai

Barua za safari hii karibu zote zinafanana, mtu ana kompyuta moja ya mezani, mchana inamlisha, usiku anachezea gemu, na anataka iweze vyote viwili bila kuuza shamba. Nimechagua nne, ya kwanza nimeijibu kwa urefu manake najua wako wengi wenye mashine kama hiyo hiyo.

SWALI: Fundi, habari za kazi. Napiga video za kwanjula (sherehe za kutambulishana kabla ya ndoa) na harusi hapa Jinja. Kompyuta yangu ni Dell OptiPlex 7050 ile ya mnara, prosesa i5-6500, RAM 8GB kijiti kimoja, diski ni ile ya kuzunguka ya 1TB. Mchana naedit, usiku tunacheza GTA V na gemu za mpira na wadogo zangu. Sa hizi wateja wanataka 4K, na mimi nikiweka klipu mbili tu kwenye taimlaini mashine inaganda. Jamaa mmoja wa duka Kampala ananiambia nichukue RTX 3060 ya 12GB ya mtumba, shida zote zitaisha. Pesa niliyonayo inaishia hapo kwenye kadi. Nichukue? (Mpiga video, Jinja)

JIBU: Ndugu yangu, usichukue, angalau si kwa sasa. Kadi yenyewe haina ubaya, RTX 3060 ya 12GB mimi naipenda kwa kazi kama yako kuliko kadi nyingi mpya zaidi zenye 8GB, manake video ya 4K inakula memori ya kadi, na programu ya kuedit kama DaVinci ikikosa memori inakwambia wazi GPU (yaani kadi) imejaa na kazi inasimama hapo hapo. Shida iko kwenye mashine unayotaka kuichomekea. Hiyo kadi inakula wati 170 peke yake, na pawa saplai ya 7050 ya mnara ni wati 240 kwa kila kitu, prosesa, diski, feni, vyote. Zima mashine, chomoa waya ukutani, toa kifuniko cha pembeni usome ile karatasi iliyobandikwa, utaiona hiyo 240W, alafu fuata nyaya kwa kidole: ule waya wa pini nane wa kulisha kadi kubwa hutauona, na ule mpana wa pini 24 ambao kila pawa saplai ya dukani inao, Dell hawakuuweka, wametumia waya wa kwao kwenye madabodi (bodi kuu ya mashine). Sloti yenyewe inayoshika kadi inatoa wati 75 basi.

Sasa huyo jamaa akisikia hivyo atakwambia kuna adapta, inachota umeme kwenye waya wa SATA inaupeleka kwenye kadi. Nakuomba usikubali kabisa. Waya wa SATA kwenye volti 12 umepimwa kubeba wati 54 tu, ukiulazimisha kubeba mzigo wa kadi kama hiyo plastiki inayeyuka, na harusi za watu ziko humo ndani, huwezi kuwaambia maharusi warudi kanisani.

Alafu hata kadi ingeingia, kuganda kungebaki. Angalia unachofanya: klipu mbili za 4K zinasomwa kwa wakati mmoja kwenye diski ya kuzunguka, ambayo ikiwa na faili moja iliyonyooka inasoma kama MB 150 kwa sekunde, ila ikianza kuruka huku na huku kutafuta klipu hii na ile na kashe ya programu inashuka vibaya sana. Juu ya hapo Windows na programu ya kuedit, iwe Premiere au nyingine, zinagombania 8GB ya RAM, na kwa sababu ni kijiti kimoja prosesa inaongea na RAM kwa njia moja badala ya mbili. Na hiyo prosesa ni ya 2015, ina kori nne, yaani vichwa vinne vya kazi, na video za HEVC (mfumo mpya wa kukandamiza video) za biti 10 ambazo simu na kamera nyingi zinatoa siku hizi haiwezi kuzifungua kwa chipu yake ya ndani, inabidi izifungue kwa nguvu za kori zenyewe. Hapo ndo unasikia feni inalia.

Kwa hiyo mimi nataka pesa yako ianze na vitu vitakavyohama na wewe siku utakapoachana na hilo boksi la Dell. Kila ukitoa shilingi jiulize, hiki kitu nikibadilisha madabodi nitaondoka nacho au nitakiacha?

Cha kwanza ni SSD ya NVMe ya 1TB, diski ndogo isiyozunguka. Kwenye madabodi yako kuna sloti ya M.2, chomeka hapo, weka Windows, programu, na mradi unaoufanyia kazi wiki hiyo, ile diski ya zamani ibaki kuwa stoo ya kazi zilizokwisha. NVMe ya kawaida kabisa ya kizazi cha tatu inasoma kama MB 2,000 mpaka 3,500 kwa sekunde. Utaisikia tofauti siku hiyo hiyo, hata GTA itafunguka haraka.

Cha pili ni RAM, vijiti viwili vinavyofanana, 8GB mara mbili kwa uchache, na ukiweza 16GB mara mbili usisite. Bei za RAM zimepanda vibaya tangu mwisho wa 2025 manake viwanda vimegeukia data senta za AI, kwa hiyo ya mtumba si aibu, ila mwambie muuzaji akupe nafasi ya kuipima na MemTest86 kabla hujalipa yote. Na omba DDR4 ya 3200. Kwenye prosesa yako itatembea kwa 2133, najua, lakini kesho ukihamia madabodi nyingine mwendo wake wote utaupata.

Cha tatu hakina bei, ni prokisi. Kabla ya kuanza kukata, iambie Premiere au DaVinci itengeneze nakala nyepesi za klipu zako, 1080p zinatosha, katia hizo, wakati wa kutoa kazi programu yenyewe inarudi kwenye 4K halisi. Inatengeneza wakati wewe unakunywa chai. Na kama kamera yako inarekodi 4:2:2 ya biti 10, ile yenye rangi nyingi zaidi, prokisi si hiari tena, manake hata hiyo RTX 3060 uliyokuwa unaitamani haina chipu ya kufungua 4:2:2, Nvidia wameanza kuiweka kwenye kadi za RTX 50. DaVinci ya bure inatoa mpaka 3840 kwa 2160, kwa hiyo kwa kutoa 4K tu huhitaji kulipia kitu.

Ukishafanya hayo matatu ndo tuongee kadi, na kwa boksi hilo naona moja tu inayofaa kazi na gemu pamoja: RTX 3050 ya 6GB. Inakula wati 70, umeme wote inapata kwenye sloti, haihitaji waya. Soma vizuri boksi lake lakini, kuna RTX 3050 nyingine ya 8GB yenye jina lile lile, hiyo inakula wati 130 na inataka waya, na muuzaji anayetaka kumaliza stoku hatakwambia. Kwa GTA V na gemu za mpira kwenye 1080p hiyo ya 6GB itawafurahisha wadogo zako. Prosesa unaweza kupandisha mpaka i7-7700 ya mtumba, inaingia na inafanya kazi, ila mtu asikuuzie i5-8400 kwa kuwa soketi inaitwa 1151 na ina kori sita, itakaa vizuri kabisa kwenye soketi na mashine haitawaka. Mimi binafsi hiyo i7 ningeiruka, huondoki nayo, na Windows 11 hawaikubali rasmi, wao wanaanzia kizazi cha nane, na Windows 10 sapoti yake ya kawaida iliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Hiyo pesa weka kando kwa ajili ya kuhama.

Kuhama kwenyewe ni huku: madabodi ya AM4 (soketi ya prosesa za AMD) kama B550, Ryzen 5 5600 yenye kori sita na nyuzi kumi na mbili, pawa saplai ya jina linaloeleweka ya wati 550, na boksi lolote lenye hewa. RAM yako inakuja, NVMe yako inakuja, ile 3050 inaendelea mpaka upate hiyo RTX 3060 yako na hapo itakaa mahali panapostahili. OptiPlex unaiuza kwa mtu wa stationery, anahitaji kuprinti tu. Na usidharau mashine ya kuunga kidogo kidogo, pale Wakaliga Kampala mtengeneza filamu Nabwana I.G.G. ameunga kompyuta zake mwenyewe kwa vipuri vya zamani na filamu zake zimetazamwa dunia nzima.

SWALI: Fundi mimi ni dizaina Nasser Road, natengeneza mabango na kalenda, jioni nacheza Valorant. Nimenunua monita ya 165Hz (inayobadilisha picha mara 165 kwa sekunde) lakini sioni tofauti, na rangi ninazoziona kwenye skrini zikitoka kwenye mashine ya kuprinti zimefifia. Nimeuziwa feki? (Dada wa mabango, Kampala)

JIBU: Dada yangu, pengine hukuuziwa feki. Piga magoti uangalie nyuma ya kompyuta waya wa monita umechomekwa wapi. Kama uko juu, karibu na pale pa USB, umechomeka kwenye madabodi na kadi yako imekaa bure, ushushe kwenye kadi, na tumia DisplayPort kama ipo. Alafu ingia setingi za skrini za Windows, sehemu ya hali ya juu, utakuta imeandikwa 60Hz, badilisha uweke 165. Wengi wanakaa miaka na 60 bila kujua.

Rangi ni jambo jingine. Skrini inatoa mwanga, karatasi haitoi, na kuna bluu na kijani kibichi ambazo wino wa rangi nne hauwezi kuzifikia kabisa hata mprinta awe nani. Fanya kazi yako kwenye CMYK (hizo rangi nne za wino) mapema badala ya kubadilisha dakika ya mwisho, muombe mprinta wako profaili ya ICC ya mashine yake (faili linaloeleza rangi inazoweza kutoa) uiweke kwenye Photoshop, na punguza mwangaza wa monita, hizi za gemu zinakuja zimewashwa mpaka mwisho na hali ya rangi kali. Weka hali ya sRGB (rangi za kawaida) ukiwa kazini, usiku rudisha ya gemu, vibonyezo viko chini ya skrini. Kama paneli yake, yaani aina ya kioo, ni IPS uko salama. Kama ni TN, rangi zikibadilika ukiinamisha kichwa, basi kwa kazi ya rangi hiyo monita itakuumiza, muuzie mcheza gemu mwenzako.

SWALI: Nimepewa GTX 1050 Ti kwa bei rahisi ajabu na mtu mtaani. Nitajuaje ni ya kweli? (Mwanafunzi, Mbarara)

JIBU: Bei rahisi ajabu ndo ishara ya kwanza, kijana wangu. Kuna kadi za zamani sana, GTS 450 na GTX 550 Ti, wanazibadilishia BIOS (programu ya ndani ya kadi) Windows ikazisoma kama 1050 Ti, lakini nguvu ni ile ile ya zamani. Nenda na flashi yenye programu ya GPU-Z, ni ndogo na ya bure, ikigundua udanganyifu inaweka neno FAKE mbele ya jina la kadi. Angalia pia matundu ya nyuma, ukikuta VGA kimbia, 1050 Ti ya kweli haitoi VGA.

Na kwa kadi kubwa za mtumba kumbuka nyingi zilichimba Ethereum mpaka Septemba 2022 mtandao ule ulipoachana na uchimbaji kwa kadi, wachimbaji wakazimwaga sokoni. Kadi iliyochimba si lazima iwe mbovu, feni ndo huchoka. Iendeshe na mzigo mzito nusu saa ukiwa hapo hapo dukani, usikilize feni, uangalie kama kuna vidoa au mistari kwenye skrini, na joto likipanda mpaka kadi inapunguza mwendo yenyewe rudisha. Muuzaji akikataa kukupa hiyo nusu saa, pesa yako ibaki mfukoni.

SWALI: Huku kwetu umeme unakuja na kwenda, na Yaka (umeme wa kulipia kabla) ikiisha ndo kabisa. Ninunue UPS (betri ya kushika mashine umeme ukikatika) gani kwa mashine ya gemu? (Msomaji, Arua)

JIBU: Usinunue kwa VA, nunua kwa wati. Geuza UPS usome nyuma, UPS ya 650VA haitoi wati 650, hutoa chini ya hapo sana, na mashine yenye kadi ya wati 170 pamoja na prosesa na monita inaweza kuipita katikati ya gemu na ikazima kila kitu. Hesabu wati za kadi, za prosesa, za monita, ongeza kama theluthi. Kuna UPS za bei ndogo ambazo umeme wake una mawimbi ya ngazi ngazi, na pawa saplai nzuri za kisasa wakati mwingine zinaukataa na kuzima pale pale UPS inapochukua kazi, kwa hiyo kabla ya kulipa mwambie muuzaji aichomekee kompyuta, uweke video au gemu, alafu achomoe ukutani uone. Ikishika, wewe kazi yako ni kusevu na kuzima vizuri, usiendelee kurenda (kutoa video iliyokamilika) kwa betri. Na ununue AVS, kifaa cha kukinga umeme unaopanda na kushuka, uiweke kabla ya UPS, manake umeme ukirudi huwa unarudi na kishindo, huo ndo unaoua pawa saplai. Yaka angalia yuniti zimebaki ngapi kabla hujaanza kurenda kazi ya usiku kucha.