Usiniambie nivae dera

Swali lenu la wiki hii, "Joto hili unavaa nini, na nguo zako unazichaguaje?", najua majibu mengi yatakuwa dera, dera, kaptula, alafu dera tena. Sasa mi naomba niwasemee wale ambao dera ndo tatizo lenyewe. Naishi Tabora, kwetu ni Kigoma mwisho wa reli, na ngozi yangu inasikia kila kitu, lebo ya shingoni naisikia kutwa nzima, mshono wa ubavuni naujua ulipoanzia na ulipoishia, uzi mmoja ukichomoza kwapani siku imeharibika. Sio mzio, upele hakuna, ukiniangalia ngozi iko safi kabisa. Ni vile mguso unavyopokelewa kichwani, wenzangu wakivaa nguo baada ya muda mfupi wanasahau wamevaa nini, mi sisahau. Watu wengi wenye usonji wako hivi, na ule mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013 uliiweka kabisa kwenye dalili zake, ila wapo wengi tu wasio na usonji na wako hivi hivi, hawasemi sababu wakisema wanaambiwa wanadeka. Temple Grandin, yule profesa Mmarekani wa mambo ya mifugo ambae ana usonji, ameshaeleza kwamba magauni ya ndani aliyovalishwa utotoni kwenda kanisani yalimkwangua kama msasa. Nilivyosoma hapo nikasema basi, sio mimi peke yangu.

Haya, joto. Kila mtu anashauri vaa nguo pana hewa ipite, na kwa upande wa mwili kupoa ni kweli, jasho likikauka ndo mwili unapoa. Lakini kila unyweleo wa mkononi na mguuni umezungukwa na mishipa ya fahamu pale kwenye mzizi, sasa kitambaa chepesi kinachogusa kinaachia, kinagusa kinaachia, kinaisumbua hiyo mishipa bila kupumzika. Dera likipata upepo wa mwezi wa tisa hapa Tabora mi simalizi mtaa. Mguso unaotulia sehemu moja na kukandamiza kidogo, huo wengi wetu hatuna ugomvi nao na wengine ndo unawatuliza kabisa. Kwa hiyo mi ndani navaa singlendi ya pamba inayokaa mwilini na taiti fupi ya pamba inayoishia juu ya goti, alafu juu ndo nguo pana kiasi, isiyopepea sana. Watu wananishangaa, joto hili unavaa mbili mbili? Ndio, mbili, ila nyembamba, ile ya ndani inanyonya jasho na ile ya juu hainigusi, na mapaja hayasuguani.

Jambo ambalo naona watu hawalisemi ni kwamba nguo unaijaribu dukani ukiwa mkavu wakati utaivaa ukiwa umelowa. Kitambaa kikipata jasho kinanata na kinasugua ngozi zaidi kuliko kikiwa kikavu, ndo maana blauzi iliyokuwa laini dukani saa saba mchana inakuwa adui. Mi nalowesha vidole kwa maji ya chupa naweka shingoni au kwenye kiwiko upande wa ndani, alafu nasugua kile kitambaa hapo hapo, upande wa ndani wa nguo sio wa nje, muuzaji ananuna namwacha anune. Pamba kwenye hewa ya kawaida inabeba unyevu kama asilimia 8 ya uzito wake, poliesta haifiki hata asilimia 1, kwa hiyo jasho kwenye poliesta iliyofumwa kwa kubana linabaki kati yako na nguo.

Ila msiniwekee maneno mdomoni kwamba pamba ndo jibu la kila mahali. Tabora tuko juu, mita kama 1,200, na mwezi wa kumi kabla mvua hazijashuka hewa ni kavu na joto la mchana linafika nyuzi 32 na kupita, hapo pamba ikilowa inakaukia njiani. Ukishuka Kigoma kule ziwani, hasa mvua zikishaanza, hewa ina unyevu na pamba nzito ikishalowa imelowa, kitenge kinaanza kuvuta chini na kunatia mgongoni. Kaka yangu anashinda Kibirizi kwenye maboti, yeye anavaa jezi za mpira zile za poliesta zenye vitundu vidogo, anasema pamba mbichi inamchefua na jezi inakauka haraka. Nikienda nyumbani mi bado navaa pamba ila nyepesi kabisa, na kwenye mkoba nabeba singlendi ya kubadilisha mchana, hiyo peke yake imeniokoa sana.

Tukienda sokoni. Vitenge Kigoma vinaingia vingi kutoka Kongo na Burundi na kila muuzaji atakwambia pamba tupu hiyo dada yangu. Omba akuchomolee nyuzi mbili tatu kwenye pindo, toka nje (nje jamani, sio katikati ya mabunda ya vitambaa), washa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi, harufu ya karatasi, inaacha majivu laini. Poliesta inayeyuka inajikunja inaacha kidonge kigumu. Ikitoka vyote viwili basi imechanganywa, kama ile tetroni ya mashati ya shule. Na kitenge au khanga mpya usiihukumu siku ya kwanza, ina wanga, inakwaruza hata kama ni pamba nzuri. Iloweke ilale, ifue, irudie, na ufanye hivyo kabla ya kumpelekea fundi sababu pamba inarudi, ukishona kwanza utakuja kubanwa kwapa.

Mitumba kwangu ndo namba moja kuliko duka. Shati la kiume la pamba ambalo mwenzio Ulaya ameshalifua miaka huwezi kulifananisha na jipya kwa ulaini, na kale kalebo ka ubavuni kanakwambia ni pamba asilimia ngapi. Balo likifunguliwa asubuhi mi nachambua kwa mkono, rangi naangalia baadae.

Alafu fundi. Hapa naomba mnielewe, pesa ya fundi mzuri ina faida kuliko kununua nguo ya bei kubwa. Wangu ni mzee mmoja yuko Ng'ambo hapa hapa Tabora, nikiingia tu "shikamoo baba", anajibu "marahaba mwanangu, leo tena ile mishono yako ya kujificha?" Ndiyo hiyo. Mshono unakunjwa mara mbili ncha za kitambaa zinafichwa ndani, sio kupigwa ovaloki na kuachwa, sababu ule uzi wa ovaloki ukiwa wa nailoni unachoma. Kola hapana, shingo pana kidogo. Zipu ya mgongoni hapana, vifungo mbele. Mkono usiishie kwenye mkunjo wa kiwiko maana jasho linakusanyika hapo hapo, uishie juu zaidi au ushuke mpaka kwenye kiganja. Kiunoni lastiki pana au kamba, ile lastiki nyembamba inakata. Na lebo usikate kwa mkasi! Ukikata kinabaki kisiki kigumu, afadhali lebo yenyewe, fumua zile nyuzi zake moja moja kwa wembe, taratibu.

Kufua ni kifupi tu, suuza mpaka maji yatoke bila povu kwa sababu sabuni ya unga iliyobaki ikikutana na jasho inawasha, na nguo ya pamba iliyokauka juani bila upepo inakuwa ngumu, ianike penye upepo, ikung'ute kabla ya kuvaa au ipige pasi.

Mtandio nao nisiusahau, maana siku nzima uko masikioni na shingoni. Wa pamba nyembamba, pindo lililokunjwa na kushonwa, na kile kikofia cha ndani kiwe cha pamba na kisikaze paji la uso, vinginevyo saa nne tu kichwa kinauma ukadhani ni jua.

Kuna na watoto. Mtoto wa dada yangu yuko Mwanga, Kigoma, mwezi wa kumi huo kila mtu anahema yeye yuko darasani na sweta, ukimvua analia mpaka anatapika. Walimu walidhani ni ukaidi. Sweta lilikuwa linamkandamiza, linamfunika shati la tetroni linalomkera, na wengine kama yeye mwili wao hauwapi taarifa ya joto wala kiu vizuri, kwa hiyo kumuuliza "husikii joto?" ni kumwonea, kweli hasikii. Kumvua kwa nguvu hakukusaidia. Dada alimshonea shati la rangi ile ile kwa pamba iliyofuliwa sana, ndani singlendi mbili za kubana, akamwachia sweta alifunge kiunoni, kisha akamwomba mwalimu amkumbushe maji kila kipindi kikiisha bila kusubiri aombe. Ilichukua muda na kuna siku bado analivaa. Soksi ndo bado vita, mshono wa vidoleni, wanamgeuzia nje ndani na mwalimu mkuu ameamua kutoona, Mungu ambariki.

Sasa mtihani wangu mimi ni sare za harusi. Ofisini naweza kujitetea, nyumbani ndo kabisa, ila kamati ya harusi ikishachagua kitambaa hakuna rufaa, na siku hizi wanachagua satini au lesi, lesi jamani, kitambaa chenye mashimo yenye kingo ngumu, mwezi wa joto. Bitana ya pamba inasaidia mwilini ila mikononi na shingoni unabaki nayo. Tuna harusi Ujiji mwisho wa mwaka na lesi imeshanunuliwa, kama kuna msomaji ameshapata njia ya kukaa na lesi ukumbini mpaka keki ikatwe naomba aandike, mi nimeshaamua yangu nashona kilemba na mkanda wa kiunoni tu, gauni ni pamba ya rangi ile ile, na mchango nimeshatoa wote kwa hiyo sioni wa kunitoa mlangoni.