Meno yanacheka, macho yamelala

Swali: Napiga picha hapa Mafinga. Kikundi cha akina mama kinatoa jarida dogo, na jalada nimepewa mimi. Nikimwambia mama acheke, anatoa meno yote lakini macho yamelala. Wanamitindo wa majarida makubwa wengine hata hawacheki, midomo imeachia kidogo tu, na bado uso unakuvuta. Wanafanyaje?

Jibu: Mdogo wangu, kosa liko kwenye hilo neno "cheka". Mwaka 1862 daktari Mfaransa, Duchenne, alichapisha picha za nyuso alizozigusisha umeme ili kuamsha msuli mmoja mmoja. Msuli wa shavu, unaovuta pembe za mdomo, unatii amri. Ule unaozunguka jicho, alisema, huamshwa na furaha ya kweli. Ndiyo maana meno ya huyo mama yanacheka peke yake.

Kwa hiyo tazama kope la chini. Likipanda kidogo, jicho linachangamka. Likibaki wazi kama la mtu aliyekoswakoswa na bodaboda, rudia. Mimi hapa Mbeya namwambia mteja afumbe macho, ashushe pumzi kwa mdomo, kisha namsalimia kwa kilugha chake. Huko kwenu "kamwene" inatosha. Akifumbua ili aitikie, napiga tatu mfululizo. Ya kwanza mara nyingi ni ya adabu, ya pili ndiyo yake mwenyewe. Na pumzi hiyo ndiyo inayoachanisha midomo. Usimwambie aachame, utapata sura ya kwa daktari wa meno.

Ule uso mkavu usiuige. Jarida la mitindo linauza gauni, lenu linauza ukaribu. Mama wa kikundi akinuna jaladani, watu watauliza amefiwa na nani. Ila atazame lenzi, asikutazame wewe, maana macho hayo ndiyo yatakayokutana na ya mnunuzi.

Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya Mafinga inakaza mashavu: chai kwanza, na mafuta kidogo mdomoni. Msimamishe kivulini barazani akielekea uwanjani, nukta ya mwanga iingie kwenye mboni. Juani saa sita atakunja uso tu. Lenzi ya milimita 85 inafaa sana. Kama unatumia simu, rudi nyuma kisha ukate picha baadaye. Ukimsogelea sana, pua ndiyo itakayotangulia jaladani.