Dalali wa nyumba alipwe asilimia ngapi, na kwa bei ipi?

Mleta mada anauza nyumba aliyoacha marehemu baba yao Tabata. Dalali wa kwanza amemwambia kamisheni ni asilimia 10, wa pili anataka 5, wa tatu hataki asilimia yoyote: atajiwe bei ya mwenye nyumba, kisha aweke cha juu chake. Anauliza yupi yuko sahihi. Mimi nilisimamia kuuza nyumba ya mama yangu Ukonga, na baadaye ya shemeji yangu Mbezi, kwa hiyo nitajibu kwa niliyoyaona.

Kwa Dar, kiwango kilichozoeleka kwa nyumba ni asilimia 5 ya bei ya mauzo, na anayelipa ni muuzaji. Nyumba ya mamia ya milioni unaweza kuzungumza ikashuka hadi 3. Kiwanja cha bei ndogo dalali ataomba 10, na ana sababu, maana asilimia 5 ya milioni 8 ni laki 4, na mara nyingi wako watatu wa kugawana. Lakini asilimia 10 ya nyumba ya milioni 120 ni milioni 12. Hiyo ni kubwa mno, ikatae. Na vile viwango vya madalali wa mahakama ambavyo watu huvitaja ni vya kukamata mali na minada, havikuhusu wewe unayeuza kwa hiari.

Sasa huyu wa tatu. "Dada, wewe niambie unataka ngapi mkononi, mengine niachie mimi." Maneno hayo nimeambiwa na madalali wengi, na yanavutia kwa sababu unajiona hulipi chochote. Unalipa, tena sana. Tuseme umetaka milioni 100, yeye anatangaza 120. Anakuja mteja mwenye milioni 105 taslimu, anaambiwa mwenye nyumba hashuki. Wewe hata hujui kwamba alikuja. Miezi inapita, unaanza kushusha bei yako kwa kudhani soko limelala, kumbe mteja aliyekuwa juu ya bei yako alishafukuzwa.

Halafu cha juu huzaa cha juu kingine. Dalali anampa mwenzake, naye anaongeza chake, picha zinasambaa Instagram na WhatsApp. Kwa mama Ukonga, mnunuzi mmoja alisimama nasi getini akanionyesha simu yake: nyumba yetu, picha ile ile yenye tenki jeusi na mwembe, mmoja ameandika milioni 95, mwingine 110, wa tatu 125. Akaniuliza kwa upole, "Samahani dada, hii nyumba ina mgogoro?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Mjini hapa, nyumba moja yenye bei tatu mtu anawaza utapeli. Tangu siku ile bei nikaitangaza mwenyewe, moja kwa wote, na kila dalali akaambiwa chake ni asilimia 5 ndani ya bei hiyo.

Kuna upande wa kodi pia, ambao haujaguswa kwenye michango iliyotangulia. Ukiuza, TRA wanataka kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi wa Tanzania. Mkataba ukiandikwa milioni 120, faida inahesabiwa kwenye 120 hata kama mkononi umepata 100. Zile milioni 20 za dalali zimekuongezea kodi ya milioni 2 kwa jina lako. Sheria ya Kodi ya Mapato inaruhusu gharama za kuuza kutolewa kabla ya kupata faida, kwa hiyo kamisheni yenye makubaliano na risiti unaiingiza kwenye hesabu. Cha juu cha kimyakimya utakionyesha kwa karatasi gani? Na dalali akikushauri muandike bei ya chini kwenye mkataba ili kodi iwe ndogo, achana naye siku hiyo hiyo.

Watu wanadhani cha juu ni haki ya dalali. Akikubaliana nawe wazi, sawa, ni makubaliano yenu. Lakini chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, wakala anayejipatia faida kwenye kazi yako bila wewe kujua unaweza kumdai faida hiyo.

Makubaliano yaandikwe kabla mteja wa kwanza hajaja. Ukurasa mmoja unatosha: bei, asilimia, na kwamba kamisheni inakokotolewa kwenye bei iliyosainiwa kwa wakili. Mkiuza kwa awamu, naye alipwe kwa awamu, kila fedha inapoingia benki. Mteja uliyempata mwenyewe hana kamisheni. Mteja aliyeletwa na dalali akirudi ndani ya miezi mitatu, dalali analipwa hata kama hakuwepo. Hapo nasisitiza: msimruke dalali. Amepanda bodaboda juani kuleta watu ambao wengi hawanunui, na ile elfu ishirini ya usumbufu anayopewa na mteja haifiki mbali. Andika pia jina na tarehe ya kila mteja anayeletwa. Kwa shemeji Mbezi madalali wawili walidai mnunuzi mmoja, daftari likaamua.

Kwa kuwa yenu ni nyumba ya urithi, anayesaini na dalali ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si kila ndugu na dalali wake. Na ofisi ya serikali ya mtaa si dalali. Wakidai asilimia, omba namba ya malipo ya serikali kwanza, uone watasemaje.

Mkuu, anza na huyu wa asilimia 5. Muulize ni nyumba ipi ameshauza hapo Tabata, kisha mwombe akukutanishe na aliyekuwa mwenye nyumba hiyo, umuulize mwenyewe alilipwa ngapi na mnunuzi alitoa ngapi.