Picha Huharibika Kabla ya Kamera

Vijana wanaotaka kuingia kwenye tiba ya nyuklia, ambako mgonjwa huchomwa dawa yenye mionzi kisha kamera ikapiga picha ya inapokwenda mwilini, huniuliza kwanza habari za mionzi: itanidhuru? Nitapata watoto? Wana haki ya kuuliza, na nitawajibu hapo chini. Ila mteknolojia mzuri namtambua kwa jambo jingine kabisa, nalo ni yale anayoyafanya kabla mgonjwa hajalala chini ya kamera. Picha nyingi mbovu nilizoziona ziliharibikia kwenye benchi la kusubiria, au kwenye sindano.

Kwanza zoea kuheshimu saa. Tekinetiamu-99m, dawa ya mionzi tunayoitumia kuliko zote, hukamuliwa asubuhi kutoka kwenye jenereta, kifaa chenye molibdenamu inayogeuka kuwa tekinetiamu, na kila baada ya saa 6 nguvu yake hubaki nusu. Dozi uliyoipima saa 2 asubuhi, ikifika saa 8 mchana imeshabaki nusu hata kama hakuna aliyeigusa. Florini-18, inayobandikwa kwenye glukosi kwa vipimo vya PET (picha zinazoonyesha seli zinazotumia sukari nyingi, kama za saratani), haina subira hata hiyo: hubaki nusu kwa dakika 110 tu. Mgonjwa akichelewa, dawa yake inaisha ndani ya kopo la madini ya risasi. Ndiyo maana napenda kumpigia simu siku moja kabla, mwenyewe, badala ya kuitegemea karatasi ya maelekezo aliyopewa wiki iliyopita.

Na kwenye simu hiyo, namna ya kuuliza ina uzito. Kwa kipimo cha moyo kinachotumia adenosini, dawa ya kupanua mishipa ya moyo, kafeini huzuia dawa isifanye kazi, na kwa kawaida tunataka mgonjwa aiache kwa saa 24. Ukimuuliza, "Umekunywa kafeini?" atakujibu hapana kwa moyo mweupe, kwa sababu akilini mwake kafeini ni kahawa tu. Muulize, "Tangu jana umekunywa nini na nini?" Hapo ndipo chai, soda ya kola na kidonge cha kichwa vinapojitokeza. Mgonjwa wa PET naye, anayetakiwa kuja bila kula na akiwa ametulia, atakwambia amefunga, kumbe asubuhi ametembea mwendo wa haraka ili awahi. Glukosi yenye mionzi itakimbilia misuli ya miguu, na daktari ataletewa picha ya mapaja.

Swali la ujauzito usilitupe mbele ya ndugu. Mtoe nje aliyemsindikiza, hata kama ni mama mzazi au mume, kisha uliza taratibu. Nimeona jibu likibadilika mlango ulipofungwa. Uliza pia kama ananyonyesha, hasa kwa iodini-131, ambayo humlazimu mama kuacha kumnyonyesha mtoto huyo.

Sindano yenyewe: chagua mkono kwa akili. Mwenye saratani ya titi la kulia mchome kushoto. Dawa ikivuja nje ya mshipa, sehemu yake husafiri hadi tezi za kwapa, na tezi ikiwaka kwenye picha upande wa ugonjwa mtu anaweza kudhani saratani imesambaa. Andika ulipochoma. Kwenye kipimo cha mifupa, mgonjwa akisubiri zile saa mbili hadi nne, mhimize anywe maji na aende haja ndogo kabla ya picha. Tone la mkojo kwenye nguo huonekana kama doa kwenye nyonga, kwa hiyo doa la ajabu likitokea pale, mimi humbadilisha nguo kwanza, nikapiga upya.

Sasa mionzi. Kikomo cha kimataifa kwa mfanyakazi ni wastani wa milisiveti (kipimo cha dozi ya mionzi mwilini) 20 kwa mwaka ndani ya miaka mitano, na mwaka wowote usizidi 50. Ukiongeza umbali mara mbili, kinachokufikia kinashuka hadi robo. Ukishamchoma mgonjwa, yeye mwenyewe ndiye chanzo cha mionzi, basi maelezo yote, hofu zake zote na maswali yake yote yamalize kabla ya sindano, tena bila haraka. Baada ya hapo msaidie anachohitaji, kisha rudi nyuma. Kikinga cha bomba la sindano, ganda la chuma kizito linalozuia mionzi, kitakuonea mwanzoni kwa uzito wake, na utatamani kukivua. Fanya mazoezi nacho kwa maji ya chumvi mpaka mkono uzoee. Aproni ya madini ya risasi usiitegemee kwenye PET, mionzi yake inapenya karibu yote. Na beji ya kupima mionzi inayokufikia ivae. Kuna wanaoisahau kwenye droo mwezi mzima, halafu wanafurahia matokeo mazuri!

Kuhusu watoto: wenzangu kadhaa wamezaa wakiwa kwenye kazi hii. Ukijua una mimba, mwambie msimamizi wa usalama wa mionzi mapema, kwa sababu kuanzia hapo kikomo cha mtoto aliye tumboni ni milisiveti 1 kwa muda wote uliobaki. Mara nyingi utaondolewa kwenye chumba cha kuandalia dawa, na wagonjwa wa iodini watahudumiwa na mwingine.